Mwaka Tulioliongezea Kanisa Letu

Baba yangu alikokotoa umri wa kanisa letu kwa chaki, mbele ya waumini wote, Jumapili moja ya Januari. Alibeba ubao mdogo kutoka chumba cha Shule ya Jumapili, akauegemeza kwenye mimbari, akaandika mwaka huu, chini yake akaandika mwaka uliochongwa kwenye jiwe la msingi, akapiga mstari kwa ukingo wa Biblia yake, akatoa. Hamsini. Kisha akawageukia watoto wa mstari wa mbele.

"Kuna mtu ana jibu tofauti?"

Hakuna aliyekuwa na jibu tofauti. Baba alifundisha hesabu katika shule za msingi za Kitale hadi alipostaafu, na nusu ya watu wazima waliokuwa kanisani siku hiyo waliwahi kupigishwa magoti nje ya darasa lake kwa sababu ya sehemu na desimali. Palepale akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya jubilii. Kabla makofi hayajaisha akatangaza jambo la pili: kijitabu cha historia ya kanisa kingeandikwa na binti yake, "ambaye amesomea kazi hiyo chuo kikuu."

Nilikuwa nimeketi na kwaya. Nilijificha nyuma ya mama mmoja wa sauti ya pili, mwenye mabega mapana, nikatabasamu hadi mashavu yakauma. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia baba akitaja shahada yangu bila kuvuta pumzi kwanza.

Yeye alitaka nisomee takwimu. Nilipopata barua ya chuo cha Bungoma, yenye neno Historia katikati, aliisoma mara mbili, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi.

"Hili somo halina jibu," alisema. "Ukiuliza watu watatu wanakupa majibu matatu, na wote wanapata alama."

Majirani zetu wa Tuwan, mtaa wetu hapo Kitale, hawakunisaidia. Mama mmoja wa ploti ya nyuma alinikuta nikianika nguo nitakazosafiri nazo, akaniuliza, "Historia? Si hiyo ilishapita, bana? Sasa unaifuata ya nini?"

Nikaifuata hivyo hivyo.

Bungoma ilinipokea kwa mvua ya alasiri na harufu ya miwa. Matrekta yalipita yakivuta matela, miwa ikidondoka barabarani, nasi wanafunzi tukiiokota na kuitafuna tukielekea darasani, vidole vikinata kwenye daftari. Nilipanga chumba kimoja huko Kanduyi, chenye dirisha lililotazama mahindi ya mwenye nyumba, na nikasoma nikiyasikia yakikua. Mhadhiri wetu wa mbinu za utafiti, mwanamke mfupi aliyetembea haraka kuliko vijana wote wa darasa, alikuwa na swali moja tu, akalirudia hadi tukaliota: umejuaje? Ukisema wazungu wa mashamba waliondoka mwaka fulani, umejuaje? Ukisema umechelewa kwa sababu ya mvua, umejuaje?

Siku moja alituletea nakala za barua kuukuu, kila mtu yake. Yangu ilikuwa na mistari minne. Mfanyakazi wa shamba moja la Trans-Nzoia alikuwa akimwomba bwana wake ruhusa ya siku mbili akamzike mtoto. Jibu halikuwemo. Nilikaa na mistari ile minne mchana kutwa nikijaribu kumsikia mtu yule, alivyokohoa kabla ya kumtajia karani maneno, alivyosimama akisubiri. Nadhani hiyo ndiyo siku niliyoanza kuandika riwaya, ingawa nilidhani nafanya zoezi la darasani.

Watu huniuliza shahada hii humpeleka mtu wapi. Jibu langu ni kwamba haina barabara moja, ina vichochoro. Rafiki yangu wa karibu darasani anafanya kazi katika ofisi ya ardhi, anafukua faili za mashamba yanayogombewa na ndugu, na anasema hajawahi kukutana na faili isiyo na machozi na kichekesho ndani yake. Mwingine alijiunga na polisi, na maelezo ya mashahidi anayoyaandika husomwa hadi mwisho bila mtu kupiga miayo. Kuna anayewatembeza watoto wa shule katika jumba la makumbusho, na kuna kijana tuliyemcheka sana kwa usingizi, ambaye sasa anauza vipuri vya pikipiki hapo Kanduyi na anakumbuka kila mteja alivunjikiwa na nini na lini. Wengine wanafundisha. Wengine bado wanatafuta.

Mimi nilirudi Tuwan na begi la vitabu. Asubuhi niliandika riwaya yangu, jioni nikawafundisha watoto wa majirani, na kila aliyepita getini aliuliza kama nimepata kazi. Kwa hiyo ile ya jubilii haikuwa kazi ndogo. Baba aliweka jina lake juu ya namba hamsini, mbele za watu na mbele za Mungu, nami nikaweka shahada yangu juu ya jina lake. Mojawapo ikianguka, zote zingeanguka.

Nilianza kwa furaha. Daftari la kwanza la mikutano lilikuwa limetafunwa na panya, kurasa tatu za mwanzo zote, lakini mchungaji alinipa picha, barua na orodha ya mapadri na wachungaji waliowahi kutembelea kanisa. Kila mzee niliyemhoji alimaliza kwa maneno yale yale: nenda kwa kukhu. Ndivyo Wabukusu wanavyomwita bibi, na huyu aliyetajwa alikuwa wa mwisho aliye hai kati ya wale waliobeba maji na kukanyaga udongo wakati kanisa linajengwa. Alikuwa amerudi Bungoma, anaishi na mwanawe Kanduyi, nyumba chache nyuma ya uwanja wa mpira. Miaka minne nilinunua nyanya hatua mia moja kutoka mlangoni pake bila kujua.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka sebuleni, redio ikiwa juu, akipukuchua maharagwe kwenye karai.

"Wewe ni wa nani?" aliuliza kabla sijaketi.

Nikamwambia ni binti wa mwalimu wa hesabu wa Tuwan.

"Yule mkari! Alichapa watoto wa dada yangu mpaka wakajua hesabu." L yake mara nyingine iligeuka r. Akanisukumia lundo la maganda. "Pukuchua. Mdomo unasema vizuri kama mikono iko na kazi."

Nikapukuchua, naye akasema. Akanieleza walivyotoka Bungoma yeye na mumewe, bado maharusi, kutafuta kazi katika mashamba ya Trans-Nzoia, na jinsi watu wa kwao walivyokusanyika Tuwan na kutamani mahali pa kuombea. Walichimba msingi. Wakasimamisha nguzo na kuezeka mabati kabla kuta hazijafika kiunoni, maana mabati yakiachwa nje yangeibwa. Kisha ikaja Agosti ya tohara. Vijana wanne wa jumuiya yao walitahiriwa, mmoja wao shemeji yake, na mvua ya mwaka ule ikawa haina adabu. Nyumba zao za nyasi zote zilivuja.

"Sasa vijana wanavuja damu na nyumba inavuja maji," alisema. "Tungefanya nini? Nyumba ya mabati ilikuwa moja tu."

"Kanisa?"

"Kanisa. Warirara hapo mpaka wakapona. Mimi nilikuwa naacha chakula kwa mlango, naondoka."

"Na mhubiri hakukasirika?"

Kukhu alicheka hadi maharagwe yakamtoka mkononi. "Mhubiri ndiye alifunga ukuta na majani ya migomba, upepo usiwapige. Ibada ya kwanza tulingoja watoke. Desemba walitoka, tukafagia, tukaimba."

Nilirudi Kitale kichwa kikiwaka. Hakuna mtu wa kamati aliyejua habari hiyo. Kanisa letu, kabla ya wimbo wa kwanza kuimbwa ndani yake, lilikuwa limewahifadhi wavulana wanne wenye maumivu na hofu! Niliiandika sura ile kwa siku mbili bila kuoga vizuri. Mwaka niliunakili kutoka kwenye jiwe la msingi, kama kila mtu alivyofanya kabla yangu, na nikaupeleka mswada kwa mama mmoja mjini anayechapisha kadi za harusi na ratiba za mazishi, ili aupange kurasa.

Huyo mama ana tabia ya kusoma anachokipanga, midomo ikicheza. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja nikichagua rangi ya jalada, nikamwona amesimamisha midomo.

"Madam, hebu kuja. Hawa vijana wanne ni Wabukusu?"

"Ndiyo."

"Na walitahiriwa huu mwaka umeandika hapa?"

"Ndiyo, Agosti."

Alivua miwani, akaiweka juu ya kibodi, akaanza kucheka bila sauti, mwili wote ukitikisika. "Na wewe si ati umesomea Bungoma? Miaka mingapi?"

"Minne. Kwani kuna nini?"

"Angalia namba ya mwisho. Inagawanyika kwa mbili?"

Niliitazama. Haikugawanyika.

"Sisi mwaka kama huo hatutahiri mtu. Ni mwaka mmoja ndiyo, mmoja hapana, tangu babu za babu zetu. Mimi nimetahirisha vijana watatu. Wa katikati aliugua malaria ile wiki ya siku yake, akakosa. Unajua alingoja nini? Miaka miwili mizima! Alinuna mpaka mbuzi wakamwogopa. Hata rais akuje apige magoti, mwaka wa katikati hakuna." Akavaa miwani tena. "Hii nikichapisha na namba yangu ya simu iko nyuma, Bungoma yote itanipigia icheke."

Nilitoka dukani pake masikio yakinichoma. Mimi niliziona Agosti hizo, mbili kati ya nne nilizokaa kule. Niliwaona vijana wakipita na njuga zao wakizigonga kwenye bangili za chuma, wamepakwa matope na wamepambwa shanga, watu mia mbili nyuma yao wakiimba, magari yamesimama, walimu wametoka madarasani, na mimi nimesimama ukingoni mwa barabara nikipiga picha na kujiona mwenye bahati. Sikuwahi kuuliza mbona mwaka uliofuata barabara ilikuwa kimya. Sisi kwetu ni Vihiga, hesabu zetu za tohara ni nyingine, na sisi wanawake hatushirikishwi kuzihesabu. Lakini hiyo si sababu. Nilikuwa na swali la mhadhiri wangu mfukoni kwa miaka minne, na jiwe lilipotaja mwaka sikuliuliza limejuaje.

Kesho yake nilikuwa Kanduyi tena. Kukhu alinionea huruma.

"Jiwe? Jiwe ririkuja mbere! Tulichimba, tukaweka jiwe, mtu akachonga mwaka, tukapiga makofi. Halafu mabati yakakosekana. Jiwe likakaa peke yake mwaka mzima, mbuzi wanapanda juu wanaangaria barabara. Kujenga tulijenga mwaka uliofuata. Wewe hukuniuliza mambo ya jiwe."

Kweli sikuuliza. Nikarudi nikitafuta ushahidi wa tatu, maana kumbukumbu moja na jiwe moja ni sare. Niliupata kwa mama anayeuza sukumawiki njiani kuelekea Kipsongo, mtoto wa kwanza kubatizwa katika kanisa letu. Kadi yake ya ubatizo, namba moja, aliihifadhi ndani ya mfuko wa unga, ndani ya bati la biskuti, ndani ya sanduku. Ilisema alibatizwa Pasaka, na ile Pasaka ilikuwa miezi minne baada ya Desemba ya kukhu, siyo baada ya Desemba ya jiwe. Hapakubaki pa kujificha. Kanisa letu lilikuwa na miaka arobaini na tisa.

Wakati huo ilikuwa Juni, na sherehe ilipangwa Septemba. Askofu alikuwa amealikwa na ameitikia. Kwaya ilikuwa na wimbo wenye neno hamsini katika kila ubeti, mara nyingine mara mbili. Akina mama walikuwa wamechapisha leso za kijani, pembeni zimeandikwa Miaka Hamsini ya Kumwabudu Bwana. Nyumbani kwa mweka hazina kulikuwa na fahali aliyekuwa akinoneshwa kwa mabua ya mahindi na maombi. Na juu ya yote hayo alikuwepo baba, ambaye tangu Januari watu walimwita Mwenyekiti hata sokoni, na ambaye alikuwa ameanza kutembea kama mtu anayejua anatazamwa.

Nilimkuta sebuleni Jumamosi asubuhi akijaza fumbo la namba katika gazeti. Nikamwekea karatasi moja juu ya meza: jiwe, kukhu, kadi. Nikaeleza. Aliacha kalamu hewani muda wote niliozungumza.

"Hebu rudia hiyo ya tohara," alisema.

Nikarudia. Aliipitia karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akikagua kazi zetu za nyumbani. Nilijua anatafuta kosa. Nilijua pia kwamba hataliona.

"Nani mwingine anajua?"

"Kukhu, mama wa kuchapisha, na mimi."

"Watu watatu." Akatazama dirishani. "Watu watatu wanaweza kunyamaza."

"Baba."

"Mwaka mmoja katika hamsini ni asilimia mbili. Hakuna mtihani unaomwangusha mtu kwa asilimia mbili."

"Wewe ulinichapa kwa chini ya hapo."

Hakucheka. Alikunja gazeti mara nne, akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba. Alipalilia mahindi Jumamosi hiyo, na Jumatatu, na Jumanne. Jumatano mama yangu alichungulia kwa mlango wa jikoni, akarudi akifuta mikono. "Baba yako ameingia shamba la jirani," alisema. "Kwetu magugu yamekwisha."

Sikujua ataamua nini, na mbaya zaidi, sikujua nitaamua nini mimi. Palikuwa na njia nyepesi. Ningeweza kuandika takriban. Takriban ni neno laini, limewalaza wanahistoria wengi salama. Ningeweza kuiondoa sura ya vijana wanne, basi hapangekuwa na mtu wa kuhesabu Agosti. Usiku mmoja niliijaribu njia hiyo kwenye kompyuta, nikaikata sura nzima, nikasoma kilichobaki. Kilisomeka vizuri, na kilikuwa kimekufa. Nikawaona wale wavulana chini ya mabati mapya, mvua ikipiga, mmoja akilia kwa siri na watatu wakijifanya hawamsikii, na nikajua siwezi kuwatoa nje tena walowe kwa ajili ya leso.

Lakini hata hivyo nilichapisha kurasa mbili, ya ukweli na ya takriban, nikaziweka zote ndani ya begi nilipokwenda kwenye mkutano wa kamati. Alikuwa baba yangu. Nilitaka kumpa nafasi ya kuniangalia, nijue nichomoe ipi.

Kamati ilikuwa ndogo: mchungaji, mweka hazina, kiongozi wa akina mama, na baba. Walikaa vestrini, chumba cha nyuma cha kanisa, wakinywa chai na mandazi. Ajenda ya pili ilikuwa mimi. Niliposimama, mkono ukiwa ndani ya begi, baba akasema, "Keti kwanza."

Akasimama yeye.

"Nina kosa la kutangaza," alisema.

"Mwalimu, kwani wewe hukosea?" kiongozi wa akina mama aliuliza. Alikuwa mmoja wa wale waliopigishwa magoti zamani, na hakuificha furaha yake.

"Nilitoa vizuri. Hakuna anayeweza kusema sikutoa vizuri. Lakini nilichukua namba ya chini bila kuuliza ilikotoka." Alinigeukia. "Kanisa lina miaka arobaini na tisa. Aliyegundua ni huyu. Atawaeleza alivyojua."

Nikaeleza nilivyojua. Nilipofika kwa vijana wanne kulala kanisani, mchungaji aliweka kikombe chini. Nilipomaliza, wote walisema kwa wakati mmoja.

"Na fahali?" mweka hazina alilia. "Ameshanona! Mnataka nimkondeshe?"

"Mlishe tu, mwaka ujao atakuwa lori," kiongozi wa akina mama alimjibu. "Mimi shida yangu ni leso."

"Lakini jiwe si lina hamsini?" mweka hazina alisema. "Tusherehekee jiwe basi. Msingi ndio mwanzo."

"Wewe mtoto wako unamhesabu kutoka lini? Siku alizaliwa, ama siku mke wako alianza kutapika?"

Vestri ililipuka. Hata mchungaji alificha uso kwenye kitambaa. Alipoinua macho, alinitazama mimi, siyo mwenyekiti. "Wewe uliyesoma haya mambo, unashauri nini?"

Nilimtazama baba. Alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, akisubiri jibu kama wengine. Nikasema kwamba jiwe halikudanganya. Jiwe lilitaja siku yake lenyewe, nasi tukalivika siku ya ibada. Leso zinasema kuabudu, na kuabudu kulianza Desemba ile vijana walipotoka. Wakitaka sherehe ya jiwe, waifanye mwaka huu na waiite ya jiwe. Wakitaka ya kuabudu, wangoje.

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe wakangoja. Kiongozi wa akina mama alisema leso zikikaa kabatini mwaka mmoja hazitaota mizizi, na akadai wale kati ya vijana wanne walio hai watafutwe, waje waketi mstari wa mbele, mahali walipolala. Mweka hazina aliuliza kwa wasiwasi kama habari hiyo ya tohara kweli inafaa kuwekwa katika kitabu cha kanisa. Mchungaji alifikiri kidogo. "Ndiyo sura ya kwanza," alisema. "Mbele hata ya salamu zangu." Na kumpigia askofu simu aliachiwa baba, ambaye aliandika jambo hilo kwenye daftari lake kwa mwandiko ulionyooka, kama mtu anayeandika adhabu yake mwenyewe na kuiona ni ya haki.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Jua lilikuwa limelegea, na Tuwan yote ilinuka vitunguu vinavyokaangwa. Watoto walicheza kati ya nguo zilizoanikwa, na mtu alimsalimu baba, "Mwenyekiti!", naye akainua mkono bila kusimama. Nilitaka kumshukuru lakini nilihofia maneno yatamwaibisha, kwa hiyo nikalinganisha hatua zangu na zake.

Karibu na geti letu alipunguza mwendo.

"Baba yangu mimi," alisema, "hakuna anayejua alizaliwa lini. Kwenye kitambulisho waliandika tarehe moja Januari, karani alikuwa na haraka. Nimeishi na hiyo tarehe nikijua si yake."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akikiri kuna namba asiyoijua.

"Alikuwa anakumbuka nini cha utotoni?" niliuliza.

"Nzige. Alisema walipokuja, mchana uligeuka jioni, na yeye alikuwa mgongoni mwa mama yake. Aliona juu ya bega."

"Mgongoni. Kwa hiyo hakuwa ameanza kutembea safari ndefu."

"Hapana. Lakini alikuwa na meno, maana walimkaangia wale nzige akatafuna." Akafungua geti, akalishikilia nipite. "Hiyo inasaidia?"

"Inasaidia sana," nilisema. "Mwaka wa nzige umeandikwa vitabuni. Ana dada yake yeyote aliye hai?"

"Mmoja. Yuko Vihiga. Hasikii vizuri."

"Tutapaza sauti."

Baba aliitikia kwa kichwa polepole, akasimama na mkono kwenye geti akipiga hesabu za siku. "Jumamosi sina kazi," alisema. "Magugu yamekwisha."